Kuunda Mtepe Bila ya Mbao

Iwapo umepata kusimama juu ya gati ya Lamu ukatazama majahazi yakipita na matanga yao ya pembe tatu, huenda ulidhani kuwa vyombo vya pwani yetu vilikuwa na sura hiyo tangu zamani. Sivyo. Kulikuwako chombo kingine, jina lake mtepe, ambacho mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari ya chuma, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, nalo lilisukwa kwa miyaa kama mkeka. Omo lake lilichongoka mbele kama shingo ya ngamia, na watu wa pwani walisimulia kuwa ni mfano wa ngamia wa Mtume. Mtepe ulipakia boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu ukazipeleka Unguja. Katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kuwa adimu, na baadaye ukatoweka kabisa.

Ukoo wa chombo hiki ni mrefu. Kitabu cha baharia Mgriki, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja mashua za kushonwa katika pwani hii, na kinasema kuwa mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana nazo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walifika Msumbiji wakaona vyombo visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka. Chombo kilichodumu muda mrefu hivyo kilistahili kuachiwa angalau mchoro mmoja wa mwunzi wake mwenyewe. Lakini mwunzi hakuwa na mchoro. Alikuwa na tezo, keekee, kamba, na jicho lake.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa muda wa miezi minane nilitumia saa za usiku, baada ya kusahihisha madaftari, kuunda mtepe ndani ya tarakilishi, au kompyuta kama wengi tunavyoiita. Nilitumia programu iitwayo Blender, ambayo hupatikana bila malipo. Usidhani kuwa kazi hii ni kuchora picha. Picha ina upande mmoja. Ukiigeuza unaona karatasi. Sanamu ya kompyuta ina pande zote: waweza kuizunguka, kuingia ngamani, kulala chini ya mkuku ukatazama juu. Kila mahali katika chombo pana nukta, na kila nukta ina tarakimu tatu: umbali wake kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Ungana nukta na nukta upate mstari; ungana mistari upate uso wa ubao. Wewe uliyejifunza kuweka nukta juu ya mihimili miwili umekwisha kuijua nusu ya kazi. Uliobaki ni mhimili wa tatu na uvumilivu mwingi.

Hapa ndipo taabu ilipo. Kompyuta haikubali neno "takriban". Ukitaka iweke fashini ya tezi, sharti uiambie ni ya kimo gani, ya unene gani, na imeinama kwa pembe gani. Mimi nilikuwa na picha chache za zamani, maelezo ya watafiti kama James Hornell, aliyeandika juu ya mtepe mwaka 1941, na sanamu ndogo ya mtepe iliyomo katika Makumbusho ya Lamu. Hivyo vyote ni mashahidi wema, lakini shahidi huulizwa lile aliloliona tu. Picha iliyopigwa ubavuni haisemi lolote juu ya mpangilio wa ndani. Sanamu ndogo ya mkono husema mengi, lakini aliyeichonga hakulazimika kupunguza kila kitu kwa kipimo kimoja, na mara nyingi kamba zake ni nene kupita kadiri, kwa kuwa kamba halisi ikipunguzwa mara ishirini inakuwa uzi usioshikika.

Msanii wa karatasi akifika mahali asipopajua huweka kivuli, akasonga mbele. Kompyuta haina kivuli cha namna hiyo. Hujaza pengo kwa tarakimu yoyote uliyoitia, kisha huling'arisha pengo hilo sawasawa na ukweli ulio karibu nalo. Mtazamaji hawezi kutenganisha. Kwa maoni yangu hili ni jambo la hatari kuliko mchoro mbaya, maana mchoro mbaya hujulikana kwa ubaya wake, lakini sanamu nzuri huaminiwa kwa uzuri wake. Mtoto wa darasa la kwanza wa leo, ambaye babu yake hakuuona mtepe, ataichukua sanamu hiyo kuwa ndiyo mtepe wenyewe. Basi nilijiwekea sharti: kila kipande chenye ushahidi nilikipa rangi ya mti, na kila kipande nilichokikisia nilikipa rangi ya kijivu. Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu aliniambia kuwa kijivu kimekiharibu chombo, kinaonekana kama mgonjwa wa ukoma. Sikumbishia juu ya sura. Nilikiacha kijivu.

Nilipokuwa nimefika kwenye mataruma nilikwenda Matondoni, kijiji cha Lamu ambako vyombo huundwa, nikamwonyesha mzee mmoja fundi wa majahazi kazi yangu. Yeye huunda kwa misumari, na mtepe hakuuona kwa macho yake. Alitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Mwalimu, mti huu umeukata wapi?"

"Mzee wangu, hakuna mti. Ni hesabu tupu."

"Basi ndiyo sababu haukatai. Mti hukataa. Taruma halipindwi, mwanangu. Huendewa msituni likatafutwa lililokwisha kujipinda lenyewe."

Maneno hayo yalinipa kazi ya wiki sita, wala sikujuta. Katika kompyuta ubao wowote hupinda kama unavyotaka, hata ukataka uzunguke kama utepe. Katika mti mambo ni mengine. Jaalia ubao wenye unene wa sentimita 4, ukaupinda uwe sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 2. Sehemu ya katikati haibadiliki urefu, lakini uso wa nje unavutika kwa kadiri ya sentimita 2 juu ya sentimita 200, yaani 1 kwa 100, na uso wa ndani unabanwa kwa kadiri hiyo hiyo. Yaonekana kidogo, lakini ubao mkavu huwa umekaribia kupasuka. Nikaitia hesabu hiyo katika kila ubao wa mtepe wangu, na palipozidi kadiri niliugawa ubao au nililegeza mpindo. Na kwa kuwa mtepe huundwa kwa kushona ganda la mbao kwanza, ndipo mataruma yakatiwa ndani, nilifuata mpango huo huo: kwanza ganda, kisha mataruma kulifuata ganda.

Kushona ni habari nyingine. Jaalia mshono mmoja wa urefu wa mita 10, na tundu kila baada ya sentimita 5. Ubao wa juu una matundu 200, wa chini 200. Kikiwa chombo kina mishono kumi kila ubavu, matundu ni 8,000, na kila moja mtu alilitoboa kwa keekee, akapitisha kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaziba nafasi iliyobaki ili maji yasiingie. Mimi nilichora fundo moja, nikaiamuru kompyuta ilirudie kwenye mstari wote. Kabla sijashusha pumzi lilikuwa limerudiwa. Nakiri nilifurahi. Lakini mishono ile ilifanana mno, kama ya cherehani, na jasho la watu halikuonekana popote. Nikaipa programu ruhusa ya kuyumba kidogo, kamba hii ikaze na ile ilegee, tundu hili lipande na lile lishuke. Sasa mshono una sura ya mikono.

Faida kubwa ya sanamu ya namna hii, ambayo picha haiwezi kuitoa, ni kwamba inaweza kuulizwa maswali. Kompyuta huhesabu ujazo wa sehemu ya chombo iliyozama. Ukiwa mita za ujazo 30, basi maji ya bahari yaliyosukumwa, ambayo kila mita ya ujazo ina uzito wa takriban tani 1.025, yana uzito wa tani 30.75, na huo ndio uzito wa chombo pamoja na shehena yake. Ongeza boriti, kishushe chombo, uone maji yanafika wapi ubavuni. Lakini kompyuta hukichukulia chombo kama kipande kimoja kigumu, na mtepe haukuwa hivyo. Kamba zake zililegea kidogo ulipogusa mchanga au mwamba, na kulegea huko ndiko kulikouokoa. Kwa upande mwingine maji yalipenya, na mabaharia hawakupumzika kuyafua.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 mabaki ya chombo kilichoshonwa cha karne ya 9 yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kwa kufuata mabaki hayo, na kwa msaada wa sanamu za kompyuta na za mkono, chombo kizima kilishonwa Oman, kikaitwa Jewel of Muscat, na mwaka 2010 kikasafiri kwa tanga hadi Singapore. Hata Unguja mtepe uliundwa upya mwaka 2003, ukasimamishwa ndani ya Beit al-Ajaib. Lakini Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Tangu siku niliposikia habari ile, faili ya mtepe wangu naiweka mahali patatu.

Vipande vya kijivu vilivyobaki ni kumi na saba. Vingi viko tezi, pale usukani unapokutana na fashini, na kimoja ni namna foromali ilivyofungwa juu ya mlingoti. Ukifika Makumbusho ya Lamu, usitosheke kuitazama sanamu kwa mbele, ambako kila mgeni husimama kuliangalia lile omo la ngamia. Zunguka nyuma, uiname, utazame kamba zinapita wapi. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kusikia kwa baba yake jinsi foromali ilivyopandishwa, chukua daftari, uandike maneno yake kama anavyoyasema.