Mtaro wa Kiangazi

Nataka kukueleza, msomaji kijana, habari za mtaro mmoja uliochimbwa wakati ambapo hapakuwa na tone la maji la kupita ndani yake. Mtaro huo upo hata leo katika shamba la mama yangu, kwenye mteremko mmoja wa vilima vya Machakos. Si mrefu, mtu mzima huumaliza kwa hatua 180. Nimesoma vitabu vingi tangu siku zile, wala sivikani, lakini niliyojifunza ndani ya mtaro ule sikuyapata tena mahali pengine, ijapokuwa niliuchimba kwa kinyongo.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1984. Vuli ya mwaka uliotangulia ilikuwa haba, na masika hayakuja. Watu wa kwetu waliipa njaa ile jina la Kikamba, Nikw'a Ngwete, maana yake kufa huku umeshika. Kwa sababu mtu aliweza kuwa na fedha mkononi asione chakula cha kununua. Mahindi ya manjano yaliletwa kutoka ng'ambo, nasi watoto tukayacheka kuwa ni chakula cha mifugo, kisha tukapanga mstari kuyangojea kama watu wengine. Nyumbani kwetu hata fedha za kushika hazikuwapo. Ng'ombe wawili walikufa, na wa tatu aliuzwa kwa bei ya mbuzi. Mimi nalikuwa na umri wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwezi wa Julai nikarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Basi nikajipa kazi ya kuitazama mbingu. Kila asubuhi nilitoka nje nikahesabu: laiti mvua ingalinyesha mwezi wa Machi, mahindi yangalikomaa; kama mahindi yangalikomaa, tungaliuza magunia mawili; kama tungaliuza, karo ingalilipwa, nami saa hii ningalikuwa darasani nikisoma jiografia. Hesabu ile haikuwa na kosa. Niliifanya tena jioni, na kesho yake, na jibu lake halikuongeza kibaba kimoja ghalani. Nakuambia jambo hili kwa kuwa naamini wewe nawe una hesabu ya namna hiyo, ingawa yako pengine haihusu mvua.

Mama hakuwa na nafasi ya kuhesabu. Mwezi wa Agosti alichukua sululu, akanipa mimi koleo, tukapanda shambani. Nikamwuliza, "Mama, mtaro wa nini na maji hayapo?"

"Yakija yatapita hapa," akasema. "Shika koleo, mwanangu."

Mtaro wa namna hii huitwa fanya juu, na jina lake ndilo maelezo yake. Mchimbaji huchimba mfereji unaoukata mteremko kwa usawa, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini, ukafanya tuta. Maji yanayoshuka kilimani hukutana na tuta, yakasimama, yakaacha udongo yaliouchukua, yakazama polepole ardhini. Miaka ikipita, udongo hujaa nyuma ya tuta, na mteremko wenyewe hugeuka kuwa ngazi pana. Kuutupa udongo chini ni kazi rahisi, maana kila kitu hupenda kushuka. Kuutupa juu huvunja mgongo. Tena kazi hii hufanywa kiangazi, ardhi inapokuwa ngumu kama tofali, kwa kuwa mvua ikishaanza watu hushughulika na kupanda; na ile mvua ya kwanza, inayoipiga ardhi isiyo na jani, ndiyo yenye kuharibu kuliko zote.

Bwana shamba alikuwa ameupima mstari wetu kwa kamba na pimamaji, akapigilia vigingi. Mama alichukua nusu moja, mimi nikapewa ya pili. Katika nusu yangu palikuwa na kisiki cha mgunga, nacho kilikaa juu ya mstari hasa. Ili nifuate vigingi ilinibidi nikichimbue, kazi ya siku tatu au nne. Mama alikuwa upande wa pili, jua lilikuwa kali, nami nikajiambia kuwa mvua yenyewe haiji. Nikang'oa kigingi badala ya kisiki, nikakishusha hatua mbili chini, nikakizunguka kisiki kwa mfereji wenye kina cha magoti, hali ule wa mama ulimfika mapajani. Mama alipoiona ile kona akauliza sababu yake. Nikamwambia kwamba nimekutana na mwamba.

Vuli ilikuja mwezi wa Oktoba, usiku. Sote tuliamka kwa kishindo cha mabati, na mama akalia kwa furaha gizani akidhani hatumsikii. Kulipopambazuka tulikwenda shambani. Nusu yake ilikuwa imejaa maji yaliyotulia, rangi ya chai ya maziwa. Nusu yangu ilikuwa tupu. Maji yalikuwa yameifuata ile kona mpaka mahali palipo chini kupita pengine, yakajikusanya pale, yakalibomoa tuta, yakashuka na udongo wetu mpaka shamba la jirani. Palikuwa na korongo ambalo mtoto angeweza kusimama ndani yake asionekane. Na pembeni ya korongo, kikavu na kizima, kisiki kilikuwa kimesimama.

Mama alitazama kwa muda mrefu. "Mwamba wako uko wapi?" akaniuliza. Hakusema neno jingine.

Sasa fikiri nami kidogo, msomaji. Kwa miezi mitatu nilikuwa na mshitakiwa mmoja tu, nayo ni mbingu. Ilipotoa ilichokuwa nacho, na ikakitoa kwa ukarimu, nikaona kwamba sehemu ya shauri lile ilikuwa yangu tangu mwanzo, nami sikuishughulikia kwa kuwa macho yangu yalikuwa juu. Huzuni ya kukosa mvua nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa kama mgeni niliyempa kiti. Aibu ya korongo lile ilikuwa ya namna nyingine, kwa sababu haikuwa na mtu wa kusingiziwa.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilisoma habari za Epictetus, mtu aliyezaliwa karibu na mwaka 50 baada ya Kristo katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa mtumwa mjini Roma, tena kilema wa mguu. Alipopata uhuru alifundisha falsafa, na wanafalsafa walipofukuzwa Roma alihamia Nicopolis katika Ugiriki, akafungua shule. Mwanafunzi wake Arrian aliandika mafundisho yake. Jambo ambalo Epictetus aliliweka mbele ya yote ni mgawanyo: hukumu zetu, tamaa zetu na matendo yetu ni mali yetu, mwili, cheo, mali na maneno ya watu si mali yetu. Nilipoyasoma hayo nilitabasamu. Mama yangu hakupata kulisikia jina lake, walakini alikuwa amenionyesha mgawanyo uo huo kwa sululu.

Lakini hapana budi nikuonye, maana fundisho hili lina mlango wa nyuma, na wapo wanaopenda kuutumia. Mtu mwenye nguvu akikuambia ushughulike na yaliyo yako, mara nyingine maana yake ni kwamba usiyatazame yaliyo yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuipunguza mifugo ya Wakamba, ikaichukua na kuiuza kwa nguvu, ikisema ardhi inaharibika. Kweli ardhi ilikuwa inaharibika. Lakini wazee wetu hawakuichukulia amri ile kama kiangazi kilichotoka kwa Mungu. Waume kwa wake walikwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi huko wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha kuuza mifugo kwa nguvu kulikomeshwa. Kadhalika karo. Mwaka 1984 niliihesabu katika fungu moja na mvua, yaani jambo la kuvumilia tu. Lakini karo si mvua. Ni watu walioipanga. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali ilifutwa, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia mafunzo katika shule za sekondari za umma. Basi kabla ya kusema kwamba jambo fulani halimo mkononi mwako, tazama kwanza kama halimo mkononi mwenu.

Na historia ya vilima vyenyewe si ndogo. Katika miaka ya 1930 wataalamu waliandika juu ya Machakos kama watu wanaoandika habari za maiti. Miti ilikuwa imekwisha, makorongo yamezagaa. Baada ya vita watu walishurutishwa kuchimba mitaro, wakaichukia, na uhuru ulipokuja mingi iliachwa ikabomoka. Kisha, bila ya kiboko, wakaanza kuchimba wenyewe, hasa wanawake katika vikundi vya mwethya, ambavyo hukusanyika leo kwa huyu na kesho kwa yule. Na namna waliyoipenda ni hiyo ya fanya juu. Mwaka 1930 wilaya ile ilikuwa na watu wapata 240,000. Mwaka 1990 walikuwa wapata 1,400,000, na wachunguzi waliporudi walikuta udongo umehifadhiwa kuliko zamani. Sitaki uamini kwamba ni jembe peke yake. Palikuwa na barabara, na kahawa, na mishahara ya watu waliofanya kazi mijini. Lakini katika miaka hiyo 60 hakuna hata mmoja wao aliyeiongeza mvua.

Tena usidhani kwamba mtaro ulinilipa karo. Mavuno ya mapema mwaka 1985 yalitutosha kula, hayakutosha kuuza. Nilirudi shuleni nikiwa nimepoteza mwaka mzima, na rafiki zangu walikuwa darasa moja mbele yangu mpaka mwisho. Nusu ya mama haikuweza kuzuia hayo, wala nusu yangu kama ningaliichimba vema. Mwaka ule ulikwenda na haukurudi.

Asubuhi ile ya korongo nilipomaliza kusimama nilikwenda nyumbani nikachukua shoka na sululu. Ardhi ilikuwa laini sasa, hata hivyo mizizi ya mgunga haina huruma; kisiki kilinichukua siku nne, na mikono yangu ikatoka malengelenge mahali pasipokuwa nayo. Nikakirudisha kigingi mahali pake. Mvua mbili zilinyesha kabla sijamaliza, nazo zikachukua udongo mwingine. Mama alikuwa akipanda mahindi na kunde upande wake, wala hakuja kunisaidia, jambo ambalo siku zile nililiona kuwa ukatili. Siku ya tano alikuja, akaingia ndani ya mfereji, akaupima kwa paja lake. Kisha akakiviringisha kisiki mpaka uani, akakipasua kuni. Kuni zile ndizo zilizopika chungu chetu cha kwanza cha kunde za mwaka ule.