Nyumba ya Umma

Kwa Kiingereza mahali panapouzwa bia huitwa nyumba ya umma, na kwa ufupi pabu. Jina hilo lilinipita masikioni mwaka mzima kabla sijaitambua maana yake. Nilikwenda London mwaka 2009 kusoma shahada ya udaktari, nikiwa kijana mzaliwa wa Tanga, niliyelelewa katika nyumba ambayo kileo hakikuingia. Kwangu mimi mahali pa bia palikuwa na jina moja tu, kilabu cha pombe; na kilabu cha pombe kilikuwa mahali ambapo mtu mwenye haya akifika hupita upande wa pili wa njia.

Kila Alhamisi jioni tulikuwa na semina. Ilipokwisha, mwalimu wangu alivaa koti lake akasema, "Haya, twende zetu," na wenzangu wote wakamfuata mpaka pabu iliyokuwa nyuma ya chuo. Mimi niliwaaga mlangoni. Walinialika mara tatu, mara nne. Kisha, kwa adabu ya watu wa nchi ile, wakaacha kunialika wasije wakanisumbua. Nilijiona nimeshinda. Naam, nilikuwa nimeihifadhi dini yangu. Lakini sikujua nilichokuwa nikikipoteza.

Nilikijua mwezi wa Mei. Sura ya pili ya tasnifu yangu, niliyoifanyia kazi miezi minane, ilisomwa mbele ya semina, na watu wakasema ilikuwa ya kuvutia sana. Nilirudi chumbani kwangu kwa furaha. Kesho yake mwanafunzi mwenzangu alinikuta maktabani akaniuliza kwa huruma kama nitaianza upya. "Kuanza nini?" nikamwuliza. Alishangaa. Jana usiku, alisema, walikaa saa mbili nzima pabuni wakiichambua sura ile. Mwalimu alionyesha ya kuwa hoja yangu yote ilisimama juu ya tarehe ya hati moja isiyothibitika, na kila mtu alitoa shauri lake. Kila mtu isipokuwa mimi.

Nilikasirika, na hata leo naona kuwa hasira ile ilikuwa na haki yake. Chuo kinachotoa sifa darasani na kuuweka ukweli penye kileo huwafungia mlango watu ambao hakijui kuwa kimewafungia. Lakini hasira haiandiki tasnifu. Alhamisi iliyofuata nilikwenda.

Nilitangulia kufika, peke yangu. Nje ya mlango palining'inia kibao chenye picha. Desturi hiyo ni kongwe, maana mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wauza bia watundike alama mbele ya nyumba zao. Ndani palikuwa na mwanga hafifu, kuta za mbao nyeusi, zulia lililochakaa na meko ukutani. Moshi wa sigara haukuwamo, kwani sheria iliuondoa Julai 2007. Nilichagua meza, nikakaa, nikangoja kuhudumiwa. Nilingoja dakika ishirini. Hakuna aliyenijia. Moyoni nilikwisha kuandaa mashtaka kwamba nimepuuzwa kwa ajili ya ugeni wangu, ndipo mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye mbwa aliyelala miguuni pake, aliponiinamia akasema, "Mwanangu, hapa hakuna anayeletewa. Nenda kaunta."

Nilikwenda. Foleni haikuonekana, watu walisimama ubavu kwa ubavu; lakini mhudumu alimjua aliyetangulia, na alipokosea, mteja mwenyewe alimwonyesha mwingine akasema, "Huyu alikuwa mbele yangu." Niliona bia ya pipa ikivutwa kwa mpini wa mkono kutoka ghala ya chini ya sakafu, ikijaa taratibu katika bilauri ya painti moja, yaani mililita 568. Mimi niliagiza soda ya tangawizi. Hakuna aliyeniuliza sababu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima ya kujitetea, na hotuba hiyo ilikosa msikilizaji.

Mtihani wenyewe ulikuja baadaye. Wenzangu walipofika nilijifunza kuwa pabuni mtu hajinunulii peke yake: kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote waliokaa naye. Anayekunywa kwa zamu za wenziwe na kuikwepa yake huhesabiwa mtu duni kuliko mlevi. Mgeni siku mbili, husema wahenga wetu. Siku ya tatu mpe jembe. Zamu ndiyo jembe la pabu. Lakini jembe lile sikuweza kulishika, kwani dini yangu hainikatazi kunywa tu, hunikataza pia kununua. Soda yangu ya pili ilikuwa nusu, na zamu ilikuwa imebaki yangu.

Nilisema kweli. "Bia siwezi kuinunua," niliwaambia, "lakini njaa yenu naweza kuiondoa." Nikanunua sahani tatu za samaki na chipsi, nikaziweka katikati ya meza. Waliacha uma wakala kwa vidole, wakigombea vipande vilivyolowa siki, na kwa muda kitambo nilijiona kama niko kwetu. Tangu siku hiyo zamu yangu ilikuwa zamu ya chakula, wala hapana aliyeihesabu kuwa pungufu. Mwalimu alipomaliza kula alifuta mikono, akanigeukia. "Ile hati," alisema. "Tarehe yake uliitoa wapi?" Tulibishana hata kengele ya kufunga ikalia. Nilishindwa katika mambo mawili, nikashinda katika moja. Na juu ya hilo moja niliijenga sura upya.

Nilipofaulu mwaka 2013 walinichukua Jumapili kwenda kula The George, huko Southwark. Nyumba hiyo ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, ikiwa na roshani za mbao kuuzunguka ua. Kampuni ya reli ilizibomoa pande nyingine mwaka 1889. Upande uliobaki ni mali ya shirika la kuhifadhi urithi wa taifa. Tulikula nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, na lile andazi la unga, mayai na maziwa ambalo huumuka tanurini likabaki na shimo katikati, kana kwamba limeumbwa kupokea mchuzi. Jirani na hapo ilikuwako Tabard, iliyobomolewa mwaka 1873, ambapo Chaucer aliwakutanisha mahujaji wa kitabu chake kabla ya safari ya Canterbury. Shujaa, mtawa, msagaji na mwanachuoni walikaa meza moja. Ndipo nilipoielewa ile nyumba ya umma.

Siku hizi wanafunzi wangu wanaokwenda Uingereza huniuliza kama waingie pabuni. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi huwaambia kuwa sikulivunja langu, wala sikuombwa. Niliombwa kukaa tu, na kulipa zamu yangu kwa kile nilichonacho. Lakini asiyetaka kuingia asiingie, na elimu isimpite kwa sababu hiyo. Kwa hiyo katika semina yangu nimeweka sharti moja: la kusemwa juu ya kazi ya mwanafunzi husemwa chumbani, naye yupo, hata likiwa chungu. Likiisha kusemwa, kila mtu huenda anywe anachokipenda.