Sekunde Kumi

Kompyuta ya ofisi ya usharika wetu hapa Mugumu, ukiiwasha, haiendi moja kwa moja kwenye kazi. Kwanza inaleta ukurasa mtupu wenye mistari mitano ya maandishi. Wa kwanza umeandikwa Ubuntu, wa mwisho umeandikwa Windows 7. Chini kuna namba inayohesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Ukibonyeza mshale wa kushuka unachagua mwenyewe. Usipobonyeza kitu, namba ikifika mwisho, mashine inajichagulia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, nieleze kidogo. Kila kompyuta ina programu mama ambayo programu nyingine zote huikalia mgongoni. Wataalamu wanaiita mfumo endeshi. Nyingi zina mmoja. Yetu ina miwili, kila mmoja na chumba chake ndani ya diski ileile, na kwa wakati mmoja unafanya kazi mmoja tu. Ule unaowaka wenyewe mtu asipogusa kitu wameupa jina zuri la Kiswahili: chaguo-msingi. Habari ninayotaka kuwasimulia inahusu chaguo-msingi la kompyuta hii, na mimi niliyekuwa katibu wa usharika kwa miaka kumi na moja.

Mwaka 2017 washarika walitoa sadaka maalumu, tukanunua kompyuta iliyotumika. Baraza la wazee likanikabidhi shilingi 250,000 juu yake ili ninunue Windows halali, kwa kuwa mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa ametuonya kwamba kutumia programu ya wizi ni wizi. Nikapanda gari la Tarime kupitia Nyamongo, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Kijana wa stationari karibu na stendi aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu, hapa hakuna anayenunua hiyo. Mimi nakuwekea kwa elfu kumi na tano, na nakuongezea michezo."

Akaiweka. Nauli na wino wa printa vilikula kidogo. Ningependa kuwaambia kwamba zilizobaki zilikwenda kwa mgonjwa au kwa yatima. Zilikwenda kwenye mabati ya jiko langu. Katika taarifa ya mapato na matumizi niliandika mstari mmoja: programu ya kompyuta, 250,000. Wazee wakapokea taarifa, tukafunga kwa sala, na sala ile niliiongoza mimi.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa usharika, tuliazima projekta ili washarika waone hesabu ukutani badala ya kusomewa. Jambo geni, watu walijaa mpaka nje. Nilipokuwa katikati ya mapato ya mavuno nikaamua kufunga ukurasa ule nifungue mwingine, na hapo picha ya nyuma, ambayo siku zote ilikuwa mlima na maua, ikawa nyeusi tii. Kwenye pembe ya chini kulia kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza. Madogo kwenye kompyuta, lakini ukutani yalikuwa na urefu wa kiganja. Mama mmoja mzee wa kanisa akauliza, "Mwalimu, hayo yanasemaje?"

Mnaijua habari ya Mfalme Belshaza na ule mkono ulioandika kwenye ukuta wa jumba lake. Nimeifundisha shule ya Jumapili mara nyingi, na watoto huwa wanacheka ninapoigiza magoti ya mfalme yakigongana. Siku ile sikuhitaji kuigiza. Nikajibu, "Ni matangazo tu ya kampuni, mama." Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa likizo, alikuwa amekaa dirishani. Yeye Kiingereza anakijua. Maneno yalikuwa yanasema kwamba nakala ile ya Windows si halisi. Aliniangalia, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Jioni alikuja ofisini. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba nikijua kinachofuata, lakini hakikufuata. Alitoa flashi mfukoni, akasema kuna mfumo mwingine, wa bure na halali, naweza kuuweka kando ya ule uliopo bila kupoteza hata faili moja. Ndiyo Ubuntu. Ulianza mwaka 2004, ukiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, hakuna kati yetu anayehitaji kufasiriwa neno hilo. Miaka ya mwanzo walikuwa wakituma hata CD kwa posta bure kwa yeyote aliyeomba. Ukiwa nao unaruhusiwa kuunakili na kumpa jirani, na hiyo si wizi, ndivyo wenyewe wanavyotaka. Akanieleza pia kwamba mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili tupu. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Niliona aibu ya pili kabla sijamaliza ya kwanza.

Kazi ilimchukua kama saa moja na nusu. Mwisho akauliza swali ambalo sikuliona uzito wake. "Mwalimu, tumeacha zote mbili kwa sababu hesabu za mhazini ziko kwenye programu ya upande wa Windows. Sasa mtu asipogusa kitu, iingie wapi?"

Nikamwambia iingie Windows. Watu wameizoea.

Akafungua faili fulani, akabadilisha namba moja. Mashine ile huhesabu mistari kuanzia sifuri, hivyo Ubuntu ulikuwa sifuri na Windows ilikuwa nne. Akafuta sifuri akaandika nne. Halafu akaandika amri nyingine chini yake, akanieleza kwamba bila amri hiyo ya pili unaweza kubadilisha namba ukaridhika, na mashine ikaendelea vilevile kama zamani.

Niliishi na mpango huo zaidi ya miaka miwili, na ninakiri ulinipa raha. Nilijiambia: mfumo halali tunao. Upo. Mtu akiuliza, nitamwonyesha mstari wa kwanza. Lakini asubuhi nilikuwa nikibonyeza kitufe cha kuwasha, nakwenda kufungua madirisha na kupangusa vumbi, nikirudi Windows imeshawaka. Umeme ukikatika ukarudi, mtu anaiwasha, anaendelea na mazungumzo yake, Windows imewaka. Katika kipindi hicho chote Ubuntu niliufungua mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu virusi vya flashi ya mtu vilikuwa vimeficha faili zote za ubatizo upande wa pili. Faili zilikuwepo salama, zikaonekana zote. Nikazinakili, nikashukuru, nikarudi Windows.

Januari 14, 2020 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7, maana yake milango yake ikibomoka hawaji tena kuitengeneza. Niliisikia habari hiyo nikaiweka kando. Sikuamua kubaki. Sikuamua kuhama pia.

Ni neno hilo, sikuamua, lililonirudisha mahali ambapo nilikuwa sijapita kwa miaka mingi. Naandika sehemu hii kwa shida, na mke wangu ameisoma na kuruhusu ibaki.

Mabinti zangu wawili wakubwa walikeketwa Desemba 1996, nyumbani kwetu upande wa Tarime. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu, na Jumapili nilikuwa nikihubiri kwenye mtaa wetu. Nilikuwa nimeshawahi kusema hadharani kwamba mila ile haimpendezi Mungu. Mtu akiniuliza leo kama nilikubali, nitasema kweli kwamba sikukubali. Hakuna aliyeniomba kibali. Wazee wa mila walitangaza msimu, mama yangu akawachukua wajukuu zake alfajiri, na mimi sikusema ndiyo. Sikusema chochote. Nilifikiri asiyesema ndiyo hakuchagua. Binti wa tatu alipona baadaye, alipofika umri, lakini si kwa mkono wangu. Mama yake alimpandisha basi la alfajiri kwenda Mwanza kwa shangazi yake, akanipa taarifa jua likiwa limeshachomoza.

Sheria ya mwaka 1998 ilikataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2014 Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua hapa Mugumu nyumba salama kwa wasichana wanaokimbia. Kwa hiyo leo upo mstari mwingine wa kuchagua, na umeandikwa wazi. Lakini nimekaa kwenye vikao vya wazazi, wa kanisa hasa, nikawasikia wakisema wanapinga, na ninajua kwa nafsi yangu kwamba kupinga kwao kunaweza kuwa kama Ubuntu wangu. Upo. Mwezi wa kumi na mbili ukifika, bibi yuko mlangoni, ngoma zinasikika, na baba ametoka kwenda kupangusa vumbi.

Danieli alipopata habari kwamba amri ya mfalme imetiwa sahihi, alikwenda chumbani kwake kuomba, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Zamani nilifundisha kwamba ushujaa wake ulianza siku hiyo. Ukisoma vizuri utaona alifanya tu yale aliyokuwa akiyafanya kila siku, mara tatu. Hakuwa na la kubadilisha. Amri ya mfalme ilimkuta akiwa ameshaamua miaka mingi nyuma, kwa hiyo siku ya hatari hakuhitaji zile sekunde kumi. Mimi nilizipewa, na kila mara nilikuwa nimetoka nje.

Machi 2021 nilisimama mbele ya baraza la wazee. Nilisoma ile taarifa ya mwaka 2017, nikafika kwenye mstari wangu, nikasema ukweli wake, pamoja na mabati. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kilichonishinda ni kimya. Kisha yule mama aliyeuliza kuhusu maneno ya ukutani akasema, "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui, lakini uso wako siku ile niliusoma." Wakaniondoa kwenye ukatibu, na ilikuwa haki. Wakaamua nirudishe fedha yote, si ile niliyobaki nayo tu, kidogo kidogo kila mwezi. Kuhusu kompyuta, wakaagiza Windows ile iondolewe mara mhazini atakapomaliza kuhamisha hesabu zake, na kwa sasa Ubuntu uwe ndio unaowaka wenyewe.

Wakanipa mimi kazi hiyo ya mwisho. Nilimpigia simu yule kijana, akanielekeza neno kwa neno. Nikafungua faili, nikafuta nne, nikaandika sifuri. "Umemaliza?" akauliza. Nikasema nimemaliza. "Bado, Mwalimu. Amri ya pili." Nilikuwa nimeisahau.

Wiki chache baadaye binti yangu mkubwa alikuja likizo na watoto wake. Jioni, watoto wamelala, nilimwomba msamaha kwa ile Desemba. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na mikono yake haikusimama. Akauliza, "Baba, asubuhi ile ulikuwa wapi? Nilikutafuta." Nikamwambia nilikuwa chumbani, nimefunga mlango, naandaa somo la Jumapili. Aliendelea kuchambua muda mrefu. Halafu akasema, "Mtoto wangu huyu mkubwa ana miaka kumi. Bibi zake wa upande wa baba wameanza kuulizia." Akaniangalia.

Nilimwambia nitakwenda mimi mwenyewe kuongea nao, na nitakwenda sasa, kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Tulikwenda Jumamosi ile, mimi na mkwe wangu, kwa pikipiki. Mazungumzo hayakuwa mazuri. Bibi mmoja alinikumbusha, mbele ya watu, kwamba mabinti zangu mwenyewe nilikuwa nimewaacha. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, niliwaacha. Ndiyo maana nimekuja." Hatukuelewana siku ile. Nimerudi huko mara nne, na Desemba mbili zimeshapita, mjukuu wangu akizimalizia nyumbani kwangu.

Mhazini wetu mpya hakuupenda Ubuntu. Anasema herufi zake zimekaa vibaya na printa inamsumbua, na kuhusu printa nakubaliana naye. Hesabu zake hazijaisha kuhamishwa, kwa hiyo kila anapoiwasha mashine anasimama mbele yake kidole kikiwa juu ya mshale, asije akachelewa. Mimi nikipita pale siku za Jumatano kusaidia kuandika ratiba ya ibada, ninaiwasha na kukaa kimya mpaka namba ifike mwisho.

Deni langu limebaki shilingi 40,000. Natarajia kulimaliza mwezi wa tano.