Uje Lini Moshi?

Mshikaji wangu mmoja wa Unguja, niliyesoma naye chuo Dar es Salaam, aliniletea ujumbe mfupi: "Nataka kuja kwenu kuuona mlima. Nije kaskazi au kusi?" Watu wa visiwani wana raha yao. Mwaka mzima wameugawa kwa pepo mbili, mambo yamekwisha. Nikacheka, nikakaa kumjibu. Siku ya tatu nilikuwa bado sijamjibu.

Si kwamba jibu silijui. Kila aliyekulia Moshi analo mdomoni, maana wageni wametuuliza tangu tukiwa na kaptula. Njoo Januari au Februari: masika hayajaanza, asubuhi Kibo iko wazi mpaka unaweza kuhesabu mikunjo yake, ila mjini joto utalitambua. Ukikosa hapo, njoo kati ya Julai na Oktoba, kukavu. Julai na Agosti ubebe sweta, na usishangae wingu likiukalia mlima siku tatu mfululizo, watu wakatembea wamejikunyata kama kuku wa mvua. Oktoba mijakaranda inachanua, mitaa inakuwa na zulia la zambarau.

Machi mpaka Mei, acha. Hayo ndiyo masika. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba maji, unaugonga mlima upande wetu, unayamwaga yote. Kule Rongai, upande wa kaskazini, mvua huwa chache zaidi. Anayelazimika kupanda wakati huo hushauriwa njia ya Marangu kwa kuwa ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Kwingine ni mahema, na hema la Aprili si mchezo.

Hayo ndiyo niliyotaka kumwandikia. Halafu nikajiuliza, na mimi mwenyewe huwa nakwenda lini?

Nakwenda Desemba. Msomaji unayewajua Wachagga, najua umeshatabasamu. Wiki ya Krismasi mabasi ya Moshi hayana nafasi. Hata treni, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kupotea zaidi ya miaka 20, wenzetu wanaigombania. Tunakwenda kuchinja, kunywa mbege, kubatiza watoto na, tuseme ukweli, kuonyeshana. Nami nimo. Mwaka mmoja niliazima gari la rafiki, nikalipandisha mpaka kwa bibi, juu ya Marangu Mtoni. Kila asubuhi nilikuwa naliosha kwa maji ya mfongo, saa ileile watu wanapopita kwenda kanisani. Gari lenyewe si langu!

Aprili nilikuwa sijakanyaga kihambani tangu nimalize sekondari. Nilikanyaga mwaka juzi, na si kwa kupenda. Mama alipiga simu kutoka Dodoma: bibi kaanguka nje ya banda la ng'ombe, mguu umevimba, na yeye kazini hawampi ruhusa. "Nenda wewe, baba."

Hata Same, ambako nimezoea vumbi, siku hiyo kulikuwa kijani. Himo mvua. Marangu Mtoni nilishuka saa kumi na moja jioni, na hakuna pikipiki iliyokubali kupanda njia ya kwetu. Kijana mmoja akanitazama miguuni, akasema, "Kaka, hivyo viatu vua tu." Nikavua. Nikapanda peku, viatu mkononi, udongo mwekundu ukinishika kifundoni kama mtu ninayedaiwa naye. Zile nyumba nzuri zinazopiga muziki usiku kucha Desemba zilikuwa na makufuli, majani yamefika malangoni. Nikaanza kuzihesabu: ya mjomba, ya yule mwenye duka Kariakoo, ya yule wa bandarini. Nikaacha. Zote giza. Mbele, moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko la bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikataja jina. Akanyamaza kidogo. "Kwani Krismasi imeshafika?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nilikaa siku tisa. Nilikata majani ya ng'ombe, nikazibua mtaro uliokuwa unaingiza maji bandani, nikajua paa linavuja wapi. Lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Alikuwa ameweka sufuria miguuni analala amejikunja kuikwepa, na miaka yote hiyo sisi tunakula mbuzi chini ya bati hilohilo bila habari. Aliyekuwa anamchotea maji ni kijana jirani, mpagazi wa mlimani. Miezi mizuri, watalii wakiwa wengi, kijana huyo yuko juu na mzigo wake wa kilo 20. Aprili kazi hakuna, mfukoni hana kitu, kwa hiyo yuko nyumbani. Mwezi anaoulalamikia yeye ndio bibi ana mtu wa kumwita.

Siku ya sita, alfajiri, bibi aliniamsha kwa kunigusa na fimbo. "Toka nje upesi, utaukosa."

Nikatoka na shuka. Mvua ilikuwa imekatika. Nimesoma kwamba kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza asilimia 85 ya barafu yake, na Desemba huwa naona kweli, vimebaki viraka. Asubuhi ile mlima ulikuwa mweupe mpaka mabegani, kama ule wa kwenye kalenda za zamani. Ni theluji ya mvua tu, jua likiikaa siku chache inakwisha. Lakini nilisahau baridi. Baada ya dakika kama ishirini wingu likafunga, mvua ikaendelea.

"Huo ndio wangu," bibi akasema. "Nyie mnakuta mwingine."

Siku ninayoaga aliniambia tena, bila hasira, huku anafunga ndizi nibebe: "Desemba mnakuja kula. Sikatazi, mle. Lakini mimi naumwa Aprili."

Nilimwahidi. Na mwaka jana, ilipofika Aprili, kazi zikanibana, nikatuma pesa ya mabati. Nikaja kuyaona Desemba, yanang'aa, nikasifiwa mbele ya watu. Bibi alisema asante. Hakusema zaidi.

Basi, siku ya nne nikamjibu yule wa Unguja: "Njoo kusi, mwezi wa nne. Mlima unaweza usiuone kabisa. Tutalala kwa bibi yangu, kuna majani ya ng'ombe ya kukata. Nimeshaomba likizo."

Kama saa nzima simu ilikaa kimya. Nikajua nimemkatisha tamaa. Kisha ikalia: "Nije na viatu gani?"

Nikamwandikia: vya kuvua.