Kutembezwa Iringa: Somo Walilolipata Walimu wa Chimala

Walimu wengi tunaofundisha Historia na Jiografia tumezoea kuwapeleka wanafunzi ziara. Wazazi huchangishwa, gari hukodiwa, watoto hushushwa mbele ya jengo la kale, huandika tarehe kadhaa katika madaftari yao, kisha hupandishwa garini na kurudishwa nyumbani. Lakini ni mara chache mno mwalimu mwenyewe kukubali kuwa mwanafunzi, akaongozwa kwa miguu ndani ya mji asioujua na mtu anayeujua. Sisi tulibahatika kufanya hivyo wakati wa likizo moja, na yaliyotupata siku hiyo yalitulazimu kuyatazama upya masomo tuliyokuwa tukiyafundisha kwa miaka mingi. Tumeonelea tuwasimulie wenzetu, si kwa kuwa tulifanya vema, bali kwa kuwa tuligundua kosa letu.

Sisi ni walimu watatu tunaofundisha Chimala, katika Mkoa wa Mbeya. Chimala ni mji mdogo ulio kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mbele yake limetandaza bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Nyuma yake umesimama ukingo wa milima, na barabara ya Matamba huupanda kwa kona hamsini na saba, hata watu wameiita Hamsini na Saba. Mji wa Iringa tulikuwa tumeupita mara nyingi tukiwa safarini kwenda Dar es Salaam. Lakini kuupita mji si kuujua. Barabara kuu hupita chini, Ipogolo, nao mji wenyewe uko juu kilimani. Msafiri huutazama kama mtu atazamaye paa la nyumba ambayo hajapata kuingia.

Tulipatana na kijana mmoja, mzaliwa wa mji huo, mwenye kazi ya kuwatembeza wageni, atuongoze kutwa nzima, sisi watatu peke yetu. Mwenzetu mmoja alinung'unika. Alisema ni ajabu mtu kulipa fedha ili aonyeshwe mji ulio katika nchi yake mwenyewe, hali midomo tunayo na tunaweza kuuliza njia. Hatukuwa na jibu la kumpa wakati ule. Jibu tulilipata njiani.

Kijana yule alitusalimu kwa "Kamwene", kama ilivyo desturi ya huko, kisha akatuamkia kila mmoja wetu kwa heshima. Tulitarajia aanze na tarehe. Hakuanza nazo. Alitupeleka kwanza mahali palipo wazi kwenye ukingo wa kilima, tukaona bonde la Mto Ruaha Mdogo chini yetu, akatuacha tutazame kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Halafu akauliza: "Walimu wangu, kama ninyi ndio askari mnaoogopa kushambuliwa usiku, mngejenga wapi?" Tukabishana sisi kwa sisi. Mmoja alisema karibu na maji. Mwingine akasema hapa hapa juu, ili adui aonekane kabla hajafika. Ndipo akatueleza kwamba Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince, waliuanzisha mji huu mwaka 1896 juu ya kilima kwa sababu hiyo hiyo. Ngome ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa Kalenga walikwisha kuibomoa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa mwenyewe alikuwa bado yu hai porini akiwapiga. Jina la Iringa, alisema, limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Jina la ngome iliyobomolewa likapandishwa kilimani na wale wale walioibomoa.

Tulitazamana. Tarehe hizo tulikuwa tukizijua zote, na tulikuwa tukiziandika ubaoni kila mwaka. Hata hivyo hatukuwa tumepata kufikiri kwa nini mji uko pale ulipo.

Kutoka hapo tulizunguka sokoni na katika mitaa ya zamani, tukapita chini ya mnara wa saa wa jamatkhana ya Waismailia. Kati ya kituo kimoja na kingine kiongozi wetu hakusema kitu. Mwanzoni tulidhani ameishiwa na maneno. Baadaye tulitambua kuwa alitupa nafasi ya kuyatafuna tuliyokwisha kuyasikia. Sokoni tulipouliza habari za vikapu vya Iringa, hakutujibu yeye. Alirudi nyuma hatua mbili akamwachia mama muuzaji, naye akatueleza jinsi milulu inavyokatwa, inavyokaushwa na inavyosukwa, huku mikono yake ikifanya kazi. Mwalimu anayejua wakati wa kunyamaza na kumpisha mwenye ujuzi ni adimu kuliko tunavyodhani.

Tulifika Boma karibu na adhuhuri. Jengo hilo la mawe lilijengwa na Wajerumani mnamo mwaka 1900 kwa ajili ya hospitali, baadaye likawa ofisi za serikali, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Hapo kijana wetu alichangamka. Alitusimulia vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo Wahehe walikivizia kikosi cha Emil von Zelewski wakakiangamiza, na Zelewski mwenyewe akauawa. Alitusimulia miaka minne ya vita vya porini baada ya Kalenga kuanguka, hadi tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Alitusimulia habari za fuvu lililopelekwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954 na Gavana Twining. Alisimulia vizuri sana. Kisha akamalizia kwa kusema: "Mkwawa asingeshindwa, isipokuwa kwa wasaliti waliojiunga na Wajerumani."

Mmoja wetu ni mama wa makamo, Msangu wa kuzaliwa. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi. Akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, hao wasaliti walitoka wapi?"

"Wengine walitoka Usangu, mama."

"Basi mimi ni mjukuu wao. Nieleze walisaliti nini."

Kijana alinyamaza. Tuliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Hakuwa ametaka kumvunjia heshima mtu aliye sawa na mama yake. Angeweza kucheka, au kutupeleka chumba kingine, nasi tungemwelewa. Hakufanya hivyo. Alisema: "Mama, habari hiyo niliipokea hivyo, nami huisema hivyo. Upande wa kwenu sijapata kuusikia. Kama hutajali, tuelezee wewe, nami niwe msikilizaji."

Mwenzetu akatuelezea, tukiwa tumeketi juu ya ukuta mfupi nje ya jengo. Alisema kwamba katika miaka ya 1870, enzi za Munyigumba baba yake Mkwawa, Wahehe waliwapiga Wasangu, hata Merere, mtawala wao, akalazimika kuiacha Utengule ya Usangu na kwenda kujijengea ngome nyingine Usafwa, upande wa Mbeya. Watu walikimbia na watoto migongoni, wakayaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Wajerumani walipokuja, Wasangu hawakuona mtawala mgeni. Waliona njia ya kurudi nyumbani. "Bibi yangu," alisema, "alilisikia jina la Mkwawa utotoni kabla halijawa jina la shujaa. Lilikuwa jina la kuwatishia watoto wasichelewe nje usiku. Simtoi Mkwawa ushujaa wake. Shujaa ni shujaa. Lakini hatukuisaliti nchi ya Tanganyika, maana nchi hiyo ilikuwa bado haijakuwapo. Tulikuwa na yetu, na tulikuwa tumenyang'anywa."

Kijana alitoa daftari dogo mfukoni akaandika. Aliuliza maswali mawili, matatu, kama mwanafunzi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo tuliyaona maneno hayo yakitendeka.

Lakini aliyeumia zaidi pale ukutani hakuwa kijana yule. Tulikuwa sisi wawili tuliobaki. Kwa miaka mingi, pale pale Chimala, katikati ya Usangu, tumesimama mbele ya watoto wa Kisangu tukaandika ubaoni sababu za kushindwa kwa Mkwawa, na sababu mojawapo ilikuwa "usaliti wa makabila jirani". Watoto waliinakili, nasi tuliwapa alama kwa kuikumbuka. Mwandishi wa makala haya anakumbuka mtoto mmoja wa darasa la sita aliyenyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo sisi tulikuwa wabaya?" Jibu alilopewa ni hili: "Tuendelee." Mtoto aliketi. Hatukumbuki kwamba alinyosha mkono tena mwaka ule. Na mwenzetu yule, aliyefundisha darasa la jirani, hakupata kutuambia neno katika miaka yote hiyo, kwa sababu hatukuwa tumemwuliza.

Alasiri tulipanda hadi Gangilonga, mwamba mkubwa unaoutazama mji, ambao jina lake lina maana ya jiwe linalosema. Husemwa kwamba Mkwawa alikuwa akifika pale kutafakari. Sisi hatukusikia jiwe likisema. Hata hivyo tulikaa pale kimya kwa muda mrefu. Yule mwenzetu aliyenung'unika asubuhi kwa ajili ya fedha ndiye aliyetangulia kuutoa ujira, akaongeza na kidogo juu yake.

Tuliporudi Chimala tuliamua kujaribu. Katika mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu isimtenge mtoto na jamii yake. Basi hatukukodi gari. Tulilitoa darasa la sita kwa miguu ndani ya mji wao wenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Watoto walikuwa wengi, sauti ya mwalimu ilimezwa na malori ya barabara kuu, na sisi, kwa mazoea, tulihutubia kila kituo mpaka wakachoka. Tulirudi tumechafuka vumbi na hatukujifunza kitu.

Mara ya pili tuliwagawa katika makundi madogo, siku mbalimbali, kila kundi na mzee mmoja au fundi mmoja wa pale pale: mkulima wa mpunga, mfanyakazi mstaafu wa reli ya TAZARA, mama muuza mchele. Mwalimu alibaki nyuma. Kwenye daraja la Mto Chimala mtoto mmoja aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Mkulima alimwambia: yanakwenda mashambani, na yanayobaki huingia Ruaha Mkuu. Ndipo tulipowaambia kwamba Ruaha Mdogo, tuliouona chini ya mji wa Iringa, nao humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, na kwamba maji ya mito yote miwili huingia katika bwawa la Mtera na kusukuma mitambo ya umeme. Tena tukawaeleza kuwa tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na kwamba matumizi ya maji huku Usangu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mtoto akamgeukia mkulima: "Babu, na wewe unasemaje?" Mzee alikuwa na mengi ya kusema, na si yote yaliyolingana na yaliyo kitabuni. Hatukusema "Tuendelee". Tulisimama pale hadi jua likapinda.

Kuhusu Mkwawa, somo lile sasa tunalifundisha sisi na mwenzetu kwa pamoja. Watoto husoma habari za Lugalo na Kalenga kama zamani, na tarehe zake huzijua. Kisha huulizwa: kama ungekuwa mtoto wa Usangu uliyefukuzwa kwenu, ungefanya nini? Majibu hutofautiana, nasi huyaacha yatofautiane. Neno "usaliti" hatulifuti. Twaliweka ubaoni na alama ya kuuliza mbele yake.

Kwa wenzetu wanaofikiria ziara, tunayo machache ya kushauri. Kwanza, mwalimu aongozwe yeye kabla ya kuwaongoza wengine, tena katika mji asioujua, ili akumbuke jinsi inavyokuwa mtu kutojua. Pili, mahali patazamwe kabla ya kuelezwa, na kila kituo kiwe na jambo moja tu. Tatu, asiyekuwa mwalimu lakini mwenye ujuzi apewe nafasi ya kusema, na mwalimu arudi nyuma hatua mbili. La nne ndilo gumu kuliko yote: pale swali linapogusa jeraha, mwalimu akiri kwamba upande huo hajausikia, na aketi ukutani kuusikiliza. Kijana mmoja wa Iringa aliweza kulifanya hilo mbele ya wageni waliomlipa. Sisi tulio na vyeti hatuna budi kuliweza.