Bundi wa Langas

Langas, upande wa kusini wa mji wa Eldoret, ni mahali pa baridi, yapata mita 2,100 juu ya bahari, katika nchi ya mahindi. Bundi wa msituni hukaa katika miti mikubwa ya milimani. Mwenzake mwenye uso mweupe hupenda dari na ghala. Akilia usiku, wengi husema anatangaza kifo, nao humtupia mawe. Lakini mtu na atazame chini ya mahali atuapo: ataona matonge makavu aliyoyatapika, yaliyojaa manyoya na mifupa ya panya. Basi msiba autangazao ni wa panya. Amwuaye bundi amemwondoa mlinzi wa mahindi yake asiyedai mshahara.