Giaboksi ya Mjomba

Najua wenzangu wengi wa Chama cha Kiswahili wataandika juu ya mapenzi, mazingira na safari ya Mombasa. Mimi naomba ukurasa huu niandike juu ya giaboksi. Msomaji, usicheke.

Likizo ya Agosti mjomba wangu, fundi wa jua kali, alikuwa akijiundia gari la kubebea mboga. Chesisi aliichomelea mwenyewe, injini na giaboksi vya Toyota Corolla KE70, ekseli ya nyuma ya Datsun 1200. Kule Uingereza, tangu mwaka wa 1957, Lotus iliuza gari la Seven vipande vipande, mnunuzi akaliunga nyumbani na kuepuka kodi. Lakini vipande vyao vilikuwa vimepimwa tayari. Vya Mjomba havikuwa vimewahi hata kuamkiana!

Kabla ya kutia propela shafti tulimwaga oili kuukuu, tukausugua mkia wa giaboksi kwa mafuta ya taa hadi ukang'aa. Nikachokoa sili ya zamani kwa bisibisi, polepole, nisikwaruze inapokaa. Ile mpya nikaipaka oili mdomoni, nikaigonga kwa kipande cha bomba, huku na huku, isiingie kombo.

Jirani mmoja, fundi mzee, akaguna. "Hiyo ya zamani ilikuwa bado. Mnaharibu pesa bure."

"Mzee wangu," Mjomba akamjibu, "oili ikiisha njiani, utaninunulia giaboksi?"

Mzee akaenda zake kunywa chai.

Sasa ukaja urefu, na hapo ndipo tumbo lilipoanza kunikata, kwa maana pesa zilizobaki zilitosha shafti moja tu. Ikiwa ndefu, gari likiruka shimo ekseli hupanda, shafti ikasukumwa mbele na kuupasua mkia wa giaboksi. Ikiwa fupi, meno hushikana kidogo tu na yaweza kuchomoka mwendoni. Kwa hivyo Mjomba alitoa jeki, gari likasimama kwa magurudumu yake, akapakia magunia mawili ya mchanga mahali pa mboga. Nikakisukuma kichwa cha shafti hadi mwisho, nikakivuta nje sentimita 2.

"Shika hapo hapo. Usipumue."

Akapima mara tatu. Kipimo cha tatu kikakataa kulingana na cha kwanza, basi tukaanza upya, mikono yangu ikitetemeka.

Fundi wa kukereza aliikata na kuiunga jioni ile ile. Mjomba alikuwa ameweka alama ili krosi za mbele na nyuma zikae mstari mmoja. Zikipishana, gari hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Shafti ilipoingia ndipo tukajaza oili, kwani mkia ukiwa wazi oili humwagika chini.

Tukainua magurudumu ya nyuma juu ya vigogo, nikawasha, nikatia gia ya kwanza. Mjomba alilala chini na tochi, kimya. Kisha nikasikia sauti yake:

"Pavu kabisa! Tia ya pili."